Lami nyingi, magari machache: kwa nini barabara za vijijini Ufaransa ni tulivu, na jinsi ya kuzipata

Wengi wetu tumeijua Ufaransa ya baiskeli kupitia televisheni. Kila Julai msafara wa Tour de France unakatiza mashamba ya alizeti, unapanda milima, unashuka mabonde, na wapenzi wa mchezo huu Afrika Mashariki walipata sababu ya ziada ya kutazama pale Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipotwaa taji mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini picha zile zinapotosha katika jambo moja. Barabara zile ni tupu kwa sababu zimefungwa. Msafara ukishapita, malori yanarudi kwenye nyingi kati ya hizo, na milima yenye majina makubwa kama Mont Ventoux na Alpe d'Huez inajaa pikipiki na magari ya watalii kiangazi kizima.

Utulivu wenyewe uko kwingine, na hauhitaji askari wa kufunga njia. Katika departementi (mikoa midogo ya utawala ya Ufaransa) kama Creuse, Cantal au Lozère unaweza kuendesha saa nzima ukapitwa na magari mawili au matatu, na muda wote huo uko juu ya lami. Si njia ya vumbi wala uchochoro wa shambani. Ni barabara halali, yenye namba, yenye vibao, inayofagiliwa theluji ikianguka. Mgeni anayeikuta kwa mara ya kwanza hujiuliza ni nani aliyetandaza lami yote hii katika nchi isiyo na watu wa kuipita. Swali hilo lina jibu, na ukishalijua utajua pia mahali pa kuutafuta utulivu huo kwenye ramani, maana si kila barabara ya kijijini inao.

Barabara zilizobaki, watu walioondoka

Ufaransa ina takriban kilomita milioni 1.1 za barabara. Kama 380,000 zinasimamiwa na departementi, ngazi ya utawala iliyoundwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1790, ambayo kwa ukubwa inakaribiana na mkoa wetu mdogo. Nyingine kama 700,000 ziko chini ya komuni. Komuni ndiyo ngazi ya mwisho kabisa, kijiji au mji wenye meya na baraza lake, na ziko karibu 35,000. Autoruti, yaani barabara kuu za mwendo kasi, na barabara za taifa zote zikijumlishwa ni kama asilimia 2 tu ya urefu huo, lakini zinabeba karibu theluthi moja ya mwendo wote wa magari nchini. Shika tarakimu hizo mbili, kwa sababu nusu ya maelezo iko humo: magari yamekusanywa mahali pachache, na lami imetawanywa kila mahali.

Kutawanywa huko kulianza kabla ya gari kuvumbuliwa. Tarehe 21 Mei 1836 ilipitishwa sheria iliyolazimisha kila komuni kutunza njia za kuiunganisha na jirani zake. Komuni isiyo na fedha za kutosha iliweza kuwadai wakazi wake hadi siku tatu za kazi kwa mwaka. Mwanamume mwenye afya alitoa mikono yake, mwenye mkokoteni na ng'ombe wa kukokota akavileta, na asiyetaka kufanya kazi akalipa fedha badala yake. Kwa utaratibu huo, kitongoji kwa kitongoji, nchi ilifumwa kwa njia za kufika sokoni, kanisani, kwenye kinu na baadaye stesheni. Karne ya 20 ilipoleta lami, ilitandazwa juu ya njia hizo hizo, na ndiyo maana zinapinda bila sababu inayoonekana leo. Zinafuata mipaka ya mashamba na miguu ya mifugo wa zamani.

Halafu watu wakaondoka. Mwaka 1851 Creuse ilikuwa na wakazi wapatao 287,000; leo ina kama 115,000. Lozère ilikuwa na zaidi ya 144,000. Leo ina kama 76,000, yaani watu 15 hivi kwa kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa nchi ni karibu 120. Waashi wa Creuse walikuwa wakienda Paris kila majira ya kuchipua kujenga majumba na kurudi kwao baridi ikianza, mpaka ikafika wakati hawakurudi tena. Vita ya Kwanza ya Dunia ikachukua vijana wengine. Karibu kila kijiji kina mnara wenye majina yao, na mara nyingi orodha ni ndefu kuliko idadi ya nyumba unazoziona zikiwa na moshi. Wanajiografia wa Kifaransa huzungumzia mshazari wa watu wachache, ukanda unaoanzia Meuse kaskazini mashariki, unapita milima ya kati na kuishia Landes kusini magharibi. Mwendesha baiskeli anayetafuta kimya aanzie kwenye ukanda huo.

Watu wakipungua barabara hazifutwi. Sheria inahesabu utunzaji wa barabara za komuni kuwa matumizi ya lazima, kwa hiyo meya wa kijiji cha watu 80 bado anatafuta fedha za kuziba mashimo ya barabara iendayo kwenye nyumba tatu. Naona huu ni uamuzi wa heshima kubwa wa nchi kwa watu wake wachache wa pembezoni, na sisi wapita njia tunafaidi jasho lake bila kulipa.

Sababu ya mwisho ni autoruti. Sheria ya mwaka 1955 iliruhusu zijengwe kwa ushuru wa watumiaji, na tangu hapo kila autoruti mpya imenyonya magari kutoka barabara ya kale iliyo sambamba nayo. Mfano mzuri ni A75, inayovuka milima ya kati kutoka Clermont-Ferrand kwenda kusini. Karibu yote haina ushuru, isipokuwa daraja kubwa la Millau lililofunguliwa Desemba 2004. Kwa kuwa ni ya bure, dereva wa lori hana sababu ya kuikwepa, na barabara ya taifa ya zamani, N9, ambayo Lozère na Aveyron sasa inaitwa D809, imebaki pana, laini na karibu tupu. Autoruti ya ushuru ina athari tofauti: baadhi ya madereva wanaikwepa na kujaza barabara za jirani. Kabla ya kuchora safari, basi, uliza kama autoruti iliyo karibu inalipiwa.

Magari mangapi ni machache?

Neno tulivu kila mtu analipima kwa masikio yake, kwa hiyo tupige hesabu. Departementi nyingi huchapisha ramani za idadi ya magari yanayopita kila barabara kwa siku, kwa wastani wa mwaka, na huweza kupatikana bure mtandaoni. Chukua barabara yenye magari 500 kwa siku. Tuseme yote yanapita katika saa 14 za mchana, nusu kila upande, kwa kilomita 70 kwa saa, nawe unakwenda kilomita 20. Yatakayokupita kutoka nyuma ni kama 13 kwa saa, moja kila dakika nne na nusu. Utakayokutana nayo uso kwa uso ni kama 23. Barabara yenye magari 100 kwa siku itakupa gari moja tu kutoka nyuma kila dakika 23 hivi. Lakini yenye magari 5,000, ambayo kwa macho ya mhandisi bado ni ya kawaida tu, itakupitishia zaidi ya magari mawili kila dakika, na hapo mazungumzo na mwenzako yamekwisha.

Kwa uzoefu wangu mpaka uko karibu na 1,000. Chini ya hapo unasikia ndege, mto na mnyororo wako mwenyewe, na kila gari linasikika likiwa bado mbali. Juu ya hapo masikio yanaacha kusikiliza nchi na kuanza kulinda mgongo.

Kusoma namba na rangi

Hapa ndipo wageni wengi wanapotea. Kibao chenye herufi D juu ya rangi ya njano ni barabara ya departementi. N nyeupe juu ya nyekundu ni ya taifa. C juu ya nyeupe ni ya komuni. Mtu hudhani kwamba D yoyote ni ya kijijini na ni tulivu. Sivyo. Katika mageuzi mawili makubwa, ya miaka ya 1970 na ya mwaka 2006, serikali kuu ilikabidhi departementi makumi ya maelfu ya kilomita za barabara za taifa. Barabara hazikubadilika, zilibadilishwa jina. D906 ya Saône-et-Loire ndiyo N6 ya zamani, njia ya kale ya Paris kwenda Lyon, na kati ya Chalon na Mâcon inapita kando ya miji, maghala na kipilefti baada ya kipilefti. Departementi nyingi zilizipa barabara hizo za urithi namba zinazoanzia 600, 800 au 900. Ukiona D yenye namba ya aina hiyo, shuku kwanza, kisha chunguza kama autoruti ya bure imeshaipunguzia mzigo kama ilivyo kwa D809. Kila departementi pia hujipangia namba zake, na barabara moja inaweza kubadilika jina ikivuka mpaka bila wewe kupinda kona.

Ramani ya karatasi bado haijapata mpinzani katika kazi hii. Kwenye ramani za Michelin barabara nyekundu ni za kukwepa, za njano ni za kufikiria mara mbili, na nyeupe nyembamba ndizo zetu. Mshale mmoja mdogo juu ya barabara ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, miwili ni 9 hadi 13, mitatu ni zaidi ya hapo, na ncha inaelekea juu ya mlima. Mstari wa kijani kando ya barabara unamaanisha mandhari nzuri, lakini watalii wenye magari nao wanausoma mstari huo huo, na Agosti utawakuta huko.

Programu za simu zina hatari yake. Ukichagua hali ya baiskeli huweza kukuingiza kwenye njia ya kijijini ambayo kisheria ni mali ya komuni lakini komuni haina wajibu wa kuitunza. Inaanza na lami, inakuwa changarawe, inaishia matope na lango la ng'ombe. Mwenye tairi nene atafurahi, mwenye tairi nyembamba atabeba baiskeli begani. Dawa ni kuangalia picha za barabara mtandaoni kabla ya safari na kutafuta kitu kimoja: mstari wa katikati. Barabara yenye lami nzima isiyo na mstari mweupe katikati ni nyembamba mno kwa magari yenye haraka, na kwa kawaida ndiyo unayoitafuta.

Njia za kijani, zile zisizoruhusu gari kabisa, nazizungumzia kwa kifupi kwa sababu tayari zina matangazo ya kutosha. Nyingi zimewekwa juu ya reli zilizong'olewa au kando ya mifereji. Ya kwanza ilifunguliwa Burgundy mwaka 1997, kati ya Givry na Cluny, na inapita kwenye mizabibu. Njia ndefu zenye jina, kama La Loire à Vélo ya takriban kilomita 900, huchanganya njia za kijani na barabara ndogo. Kwa familia yenye watoto sina pendekezo bora. Lakini reli ilijengwa ikikwepa vilima, na mfereji hauna mwinuko, kwa hiyo utapata ukuta wa miti kulia na kushoto na watembea kwa miguu wenye mbwa mbele. Barabara ndogo ya komuni inakupitisha mlangoni kwa mkulima, inakupandisha juu ya kilima na kukuonyesha nchi nzima. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua barabara.

Juu ya uwanda, Agosti

Tofauti yote hii inaonekana wazi mahali pamoja, kusini mwa Lozère. Mto Tarn umechimba korongo refu, na D907bis inafuata maji chini kabisa. Katikati ya Agosti barabara hiyo inasongamana: magari yenye nyumba za kulala, mabasi madogo yanayovuta mitumbwi, watu wanaosimama kupiga picha kila kona. Katika kijiji cha Sainte-Enimie unaiacha na kuingia D986 kuelekea Meyrueis. Barabara inapanda kwa kona kali ukutani mwa korongo, gia ndogo zote zinatumika, na sauti za watu zinabaki chini yako kona kwa kona. Ukifika juu uko kwenye Causse Méjean, uwanda wa mawe ya chokaa ulio karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wenye wakazi wasiofika hata wawili kwa kilomita ya mraba. Nyasi, mawe, kondoo, upepo. Karibu na Le Villaret tangu mwaka 1993 wanafugwa farasi wa Przewalski, wale wa nyika za Mongolia, na huweza kuonekana kutoka barabarani. Siku ile ile, saa ile ile, kilomita chache tu kutoka kwenye msongamano.

Uwanda huo una masharti yake. Chokaa hunywa maji yote wala haiyahifadhi juu ya ardhi, kwa hiyo hakuna kijito, na kivuli ni haba. Chupa zijazwe chini.

Na maji kwa ujumla ni somo ambalo mgeni anapaswa kulijua, kwa kuwa kijiji tulivu mara nyingi ni kijiji kisicho na duka. Waendesha baiskeli wa Ufaransa hujaza chupa makaburini. Karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua, kwa kawaida karibu na lango, na mara nyingi ni maji yale yale ya nyumbani. Yasiyofaa kunywewa huwekewa kibao cha *eau non potable*. Ingia kwa adabu, usiegemeze baiskeli kwenye kaburi la mtu, vua miwani, jaza, toka. Kuhusu chakula, duka la mkate hufungwa mchana na mara nyingi hufungwa Jumatatu, na vijiji vingine vimebaki na mashine inayouza mikate mirefu kwa sarafu au kadi. Nunua unapoona, usingoje njaa.

Saa nazo zina siri yake. Kati ya saa sita na saa nane mchana Ufaransa ya vijijini iko mezani, na barabara hata za njano huwa kimya cha ajabu. Jumapili asubuhi ni nzuri, ila kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji: ukiona kibao cha *chasse en cours* vaa rangi kali, endelea barabarani, usikatize msituni. Septemba kwenye mizabibu kuna matrekta mengi, na vuli kaskazini matrekta ya viazisukari huacha matope yanayoteleza kama sabuni. Kiangazi, kibao cha *gravillons* kinamaanisha kokoto zimemwagwa juu ya lami mpya. Hapo punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Sheria iko upande wako kiasi cha kutosha. Nje ya mji dereva anatakiwa kukuachia mita moja na nusu anapokupita, mjini mita moja, na tangu 2015 anaruhusiwa kukanyaga mstari usiokatika wa katikati ili kukupa nafasi hiyo, ikiwa mbele kunaonekana. Kuendesha wawili sambamba kunaruhusiwa mchana, lakini gari likionyesha linataka kupita mnajipanga mmoja nyuma ya mwingine. Vizibo vya muziki masikioni ni marufuku, na usiku nje ya mji fulana ya kung'aa ni lazima. Mwendo wa magari kwenye barabara za njia mbili ulishushwa Julai 2018 kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa, kisha departementi zikaruhusiwa kurudisha 90, na kadhaa zimerudisha. Cha hatari zaidi kwa mgeni ni kanuni ya kulia: penye makutano yasiyo na kibao, anayetokea kulia ana haki ya kupita kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Vijijini kanuni hiyo iko hai kabisa, na trekta halitakungoja.

Kufika huko hakuhitaji gari. Treni za mikoa, zinazoitwa TER, hubeba baiskeli, kwa kawaida bure, ingawa baadhi ya mikoa hudai nafasi ihifadhiwe mapema wakati wa kiangazi. Kwa nyanda za Lozère kuna reli ya kutoka Clermont-Ferrand kwenda Béziers, inayopita Marvejols na Millau. Ukishuka Marvejols, ndani ya saa moja uko kwenye barabara nyeupe za ramani. Safari za treni kwenye reli hiyo ni chache kwa siku, kwa hiyo angalia ratiba ya kurudi kabla ya kununua tiketi ya kwenda.